Kitana cha Ludie Tolliver

Sanduku la vitabu lilitangulia ngurumo kidogo tu, na Mama Orabelle akakataza katakata lisifunguliwe.

"Mungu akiwa kazini, sisi tunanyamaza," alisema, akawa anaizunguka nyumba akichomoa nyaya ukutani: televisheni, feni, mashine ya kahawa. Akazima jiko, mboga zikiwa nusu mbichi. Akazima taa. Kisha akaketi, akaweka mikono mapajani, akangoja.

Binti yake Vernita alikuwa kochini pamoja na mumewe, Rayford. Hakuna aliyebisha. Upande wao wa reli, upande wa Weusi hapo Penley, kila nyumba ilikuwa imefanya hivyo hivyo wakati huo huo. Mgeni angepita barabarani angedhani watu wote wamehama. Vernita alizaliwa akaikuta desturi hiyo. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mfanyakazi wa nyumba ya kutunzia wazee ambako taa hazizimwi kwa ngurumo wala kwa kimbunga, lakini radi ikimulika mkono wake ulikuwa bado unaitafuta swichi wenyewe.

"Mama Orabelle," Rayford alinong'ona, "na hilo sanduku nalo lina umeme?"

"Lina mama yangu ndani," mkwewe alijibu. "Nyamaza."

Ngurumo zilipohamia ng'ambo ya mto, Mama Orabelle alichukua kisu cha jikoni, akapasua ile karatasi ya gundi taratibu kama mtu anayefumua mshono. Harufu ya vitabu vipya ikajaa sebuleni. Juu ya jalada alisimama mwanamke mrefu mwenye aproni nyeupe, ameinua kitana cha chuma juu ya moto wa jiko. Chini yake pameandikwa: *Shika Sikio, Alisema Ludie*.

Mama Orabelle aliufuta uso wa yule mwanamke kwa kiganja, kana kwamba una vumbi.

Kilikuwa kitabu cha watoto, picha kubwa maneno machache, kazi ya msichana mmoja mchoraji wa Atlanta aliyekuja kukaa na Mama Orabelle siku kadhaa, akila mkate wake wa mahindi na kumuuliza maswali. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na jiko la Ludie. Wanawake wamepanga foleni ya kunyooshwa nywele, mmoja kainamisha kichwa, kakunja sikio lake kwa vidole ili lisiungue, mdomo uko wazi.

"Bi Zelma Cobb huyo!" Mama Orabelle alipiga kelele. "Tazama alivyofumba macho! Alikiogopa kitana kuliko alivyomwogopa karani."

"Hapa anasema nini?" Rayford aliuliza.

"Anakariri katiba. Mama alikuwa akisema, 'Shika sikio,' halafu hapo hapo, 'Kifungu cha nne kinasemaje?' Ukikosea, unasikia joto karibu na shingo. Weusi wakienda kujiandikisha kupiga kura, yule karani aliwauliza vifungu mpaka wachanganyikiwe. Waliotoka jikoni kwa mama hawakuchanganyikiwa." Alicheka mpaka akapangusa macho. "Na hakuna Mzungu aliyejua. Mkuu wa polisi mwenyewe alikuja siku moja, akafika mlangoni, akanusa nywele na mafuta vinavyoungua, akarudi zake mbio ameziba pua."

Vernita alicheka pia. Alikuwa amezisikia hadithi hizo tangu utotoni, lakini kuziona zimechorwa kulimfanya ajisikie kama mtu aliyeoshwa uso. Akafunua kurasa. Akafika kwenye picha ya usiku.

Maneno yalikuwa mafupi. *Usiku ule ngurumo zilipiga. Ludie alizima jiko, akazima taa, akakaa gizani na binti yake. Nje, gari likasimama.* Picha ilitanda kurasa mbili. Mvua, mti wa tini, na chini ya mti pikapu ya kijani, taa zake zimezimwa. Mlango wake mmoja ulikuwa wa buluu.

Rayford aliacha kucheka. Aliuangalia ule mlango muda mrefu.

"Mama Orabelle, nani alimwambia mchoraji habari za mlango huu?"

"Mimi. Aliniuliza niliona nini, nikamwambia nilichoona. Nilikuwa dirishani, nina miaka minane. Radi ilimulika."

"Lakini, Mama, hili gari..."

"Najua lilipo, mwanangu. Nalipita kila Jumapili nikienda kanisani."

Kila mtu wa Penley alijua lilipo. Lilisimama juu ya nyasi mbele ya kiwanda cha mbao cha familia ya Stroud, matairi yamelala, pambo la mji. Msimu wa mavuno walilijaza maboga. Krismasi walilivisha taa. Vernita alikuwa na picha yake ya shule ya msingi, ameketi juu ya boneti na wenzake, Weusi kwa Wazungu, wote wakicheka. Mlango haukuwahi kupakwa rangi nyingine. Na mwenye gari, mzee Harlan Stroud, alikuwa hai bado. Rayford alibeba magogo ya kiwanda chake, ambacho sasa kiliendeshwa na mkwe wa mzee. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye nyumba ya wazee, na aliyemwogesha alikuwa Vernita.

"Kitabu hakijamtaja mtu," Vernita alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa udogo.

"Mlango umemtaja," alisema Rayford.

"Mama, kwa nini hukutuambia? Miaka yote hii?"

"Ningewaambia, mngelala?" Mama Orabelle alikiweka kitabu magotini. "Mara nyumba ikawaka. Mama alinitoa dirishani na pazia linawaka mikononi mwake. Vidole vikajikunja, hakushika kitana tena maisha yake yote. Na wakubwa wa mji wakatangaza nini? Kwamba Ludie Tolliver alisahau kitana jikoni, kikamchomea nyumba. Hata kanisani kwetu walisema. Shuleni watoto walinifuata: 'Orabelle, leo mmepika nini kwenu, nyumba?' Mama alikufa akiwa yule mwanamke mzembe wa kitana. Mimi hakuna aliyeniuliza. Waliuliza majivu."

"Mama Orabelle, mimi nakuelewa," Rayford alisema polepole. "Lakini ule mkate tunaokula—"

"Jumamosi ninasoma kitabu hiki maktabani," alisema mkwewe. "Mboga zimepoa. Nani ananiwashia jiko?"

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya kumwogesha Mzee Stroud. Vernita alimjua mwili mzima kama mama anavyomjua mtoto: kovu la goti, bega lililoshuka, vidole vya miguu vilivyopandana. Alikuwa amezoea kumwona mzee tu, mmoja wa wazee wake. Leo alisimama mlangoni na taulo, miguu ikakataa kuvuka kizingiti. Ile mikono juu ya blanketi. Ni Vernita mwenyewe aliyeikata kucha.

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Vernita, Bwana Harlan. Twende tukaoge."

"Washa taa."

"Imewaka, bwana."

"Washa zote. Nijue kama kuna mtu."

Hofu hiyo alikuwa nayo siku zote. Hakulala ila taa imewaka, na wauguzi wa zamu ya usiku walimtania kwamba anaogopa mazimwi. Vernita alidhani ni utoto wa uzeeni. Alimkalisha kwenye kiti cha kuogea, akafungulia maji ya vuguvugu. Kila alipomwosha kichwa alimwambia, "Shika sikio," kwa sababu ndivyo alivyoambiwa yeye alipokuwa mtoto, na mzee alikuwa ameshajifunza. Leo hakulisema. Mzee alikuwa tayari amelikunja sikio lake kwa vidole, kichwa ameinamisha, anangoja.

Alipokuwa akimvisha shati, aliingia Bi Darlene, binti wa mzee. Mkono mmoja alibeba bakuli la pudingi ya ndizi, mwingine mfuko wa plastiki.

"Vernita mpenzi! Nimekuletea blauzi. Mbili zimekosa vifungo, lakini wewe si unajua kushona."

"Asante, Bi Darlene."

"Na nasikia Orabelle katoa kitabu! Cha watoto, eti? Habari za yule mama yake wa nywele." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Masikini yule. Na kile kitana chake. Niwekee nakala moja, kesho nitakuja niwaunge mkono."

Mama Orabelle alikuwa mkubwa kwake kwa miaka kadhaa, lakini Bi Darlene alimwita Orabelle tu, kama alivyozoea kusikia nyumbani kwao. Vernita alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Angeweza kusema sasa. *Usije, Bi Darlene. Kuna picha.* Maneno yalifika kwenye meno.

"Kesho kutanyesha, Bi Darlene," alisema.

"Mvua haijawahi kunizuia mimi!"

"Kulikuwa giza," mzee alisema ghafla kutoka kitini. "Darlene, waambie. Kulikuwa giza."

"Kula, Baba," alisema Bi Darlene, akamtia kijiko cha pudingi mdomoni kabla hajamaliza. Kijiko kiligonga meno. Akamfuta kidevu haraka haraka, na hakumtazama Vernita usoni tena mpaka alipoondoka.

Jioni Rayford alirudi mapema, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Umepita maktaba?" alimuuliza mkewe.

"Sijapita."

"Yule msichana wa maktaba kaweka kitabu dirishani. Kakifungua. Unajua kakifungua wapi?"

Vernita alikaa chini.

"Nilimuuliza kwa nini," Rayford aliendelea. "Kasema ndiyo picha nzuri kuliko zote. Yeye ni mgeni, hajui. Kundi la watu limesimama pale kwenye kioo, hawasemi kitu, wanaangalia tu. Nilipofika wakanipisha. Mimi, Vernita! Tangu lini Wazungu wa mji huu wakanipisha njia?"

"Na kazini?"

"Meneja kaniambia Jumatatu nisije mpaka waniite."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Aliniuliza tu kama mama mkwe wangu hajambo."

Nje gari lilikuwa linakuja polepole, polepole mno kwa barabara ile. Likafika kwenye sanduku lao la barua, likasimama. Injini ikanguruma pale pale. Rayford alimshika mkewe bega, akamsogeza mbali na dirisha. Kisha gari likaondoka, kwa mwendo ule ule.

"Pengine kapotea njia," Vernita alisema.

"Pengine," alisema Rayford, akaenda kuangalia komeo la mlango wa nyuma.

Mama Orabelle alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Vernita alifungua kabati lake, akatoa boksi la kalamu za rangi za watoto wa shule ya Jumapili. Akatafuta ya kijani. Akakaa mezani, akachukua kitabu cha juu kabisa sandukuni, akafungua picha ya usiku, akaanza kupaka ule mlango. Alipaka kwa makini, ulimi katikati ya meno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nta haikushika vizuri kwenye karatasi ile ya kung'aa. Akakandamiza. Buluu ikafifia, ikawa tope, ikawa kijani cha ajabu kisichofanana na kijani cha gari. Alikuwa anamaliza kona ya chini alipogundua kwamba mama yake amesimama nyuma yake, koti bado mwilini.

Vernita hakugeuka. Alingoja kelele.

"Umevuka mstari," Mama Orabelle alisema. "Hapo kwenye tairi."

"Mama, naogopa."

"Najua."

"Wamemsimamisha Rayford. Kuna gari lilisimama nje. Ninaogopa watakuja, Mama, na wewe ndiye unalala chumba cha mbele. Hatuwezi kusema tu kwamba mchoraji alikosea? Tupake vyote. Hadithi itabaki ile ile."

Mama Orabelle alinyoosha mkono, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwake, akairudisha kwenye boksi, akalifunga.

"Unadhani mimi siogopi? Leo nimeimba vibaya mpaka mwalimu wa kwaya kaniuliza kama nina homa." Akavuta kiti. "Mama yangu alipokuwa anaumwa mwishoni, alikuwa akiamka ananiuliza: 'Ora, nililizima jiko?' Namwambia, ulilizima, Mama. Nilikuona. Baada ya muda tena: 'Ora, nililizima kweli?' Walimwambia mpaka na yeye akaamini, Vernita. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mji huu katiba alikufa akiwa hana hakika na jiko lake mwenyewe."

Akalifunga lile sanduku, na kile kitabu kilichopakwa kikabaki juu ya vingine.

Jumamosi saa nane mchana, viti vya maktaba vilikuwa vingi kuliko watu. Mama Orabelle alikuwa amevaa kofia yake ya Pasaka. Walikuja Bi Clotee shemasi na wanawake wengine wanne wa kanisani, na mchungaji aliyekaa karibu na mlango wa dharura. Waliobaki walikuwa wamepiga simu asubuhi: mmoja mgongo, mwingine mjukuu, mwingine gari. Mama Orabelle aliwaambia wote pole.

Wanaume wawili Wazungu walisimama mlangoni. Waliwatazama waliokaa, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama watu wanaokariri nyuso. Kisha wakatoka. Rayford, aliyekuwa amesimama ukutani, alipumua kwa sauti.

"Hawapendi hadithi hao," Bi Clotee alisema. "Soma, dada."

Mama Orabelle alisoma. Mwanzoni sauti ilitetemeka, lakini alipofika kwa Bi Zelma na sikio lake, wanawake walicheka, mmoja akapaza, "Kifungu cha nne!" na mwingine akakikariri kweli, neno kwa neno, bila kosa. Vernita alikuwa haangalii kitabu. Alikuwa anaangalia mlango. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka dirishani, na mama yake alipoufunua ukurasa wa usiku, ngurumo ya kwanza ilipiga, madirisha yakalia.

Mama Orabelle alikifunga kitabu kidole kikiwa ndani.

Bi Clotee aliinuka, akaenda ukutani, akazima taa bila kuomba ruhusa ya mtu. Wenzake wakazima simu. Msichana wa maktaba alifungua mdomo aulize, akaangalia nyuso zile, akaketi. Wakakaa wote gizani, kimya, mikono mapajani, mvua ikipiga paa.

Hivyo ndivyo Bi Darlene alivyowakuta. Alifungua mlango na mwavuli unaochuruzika, akasimama, akipepesa macho.

"Kuna mtu humu?"

"Tumo," Bi Clotee alisema. "Ngurumo. Keti, Bi Darlene, itapita."

Hakuketi. Alienda moja kwa moja kwenye meza ya vitabu, akachukua cha juu. Vernita akajua ni kipi. Bi Darlene alikipeleka kwenye mwanga hafifu wa dirisha, akafunua kurasa kwa nguvu kama mtu anayejua anachotafuta, akasimama. Akapitisha kidole juu ya mlango wa gari. Nta ikamganda kidoleni, ya kijani. Akaitazama.

"Nani kapaka hapa?"

Rayford alisogea hatua moja. Vernita akajikuta amesimama.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa, Bi Darlene."

"Uliogopa nini?"

Vernita alitafuta jibu la adabu, hakulipata. "Nilikuogopa wewe."

Bi Darlene alirudi nyuma kama aliyepigwa kofi. "Mimi? Mimi ninayekuletea nguo? Ninayekuita mpenzi?" Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, alikuwa amelia kabla hajafika. "Asubuhi yote simu inalia kwangu. Watu wanaenda kulipiga picha lile gari. Baba ana miaka tisini na moja, hajui hata leo ni siku gani, na nyie mnamchora kwenye kitabu cha watoto kama muuaji! Orabelle, baba yangu si muuaji. Angejua mmo ndani asingethubutu, naapa kwa Mungu asingethubutu! Nyumba ilikuwa giza tupu. Taa hakuna, jiko hakuna, hata cheche moja hakuna. Alidhani mmekwenda kwa..."

Ngurumo ilijivuta juu ya paa, ndefu, ikaishia mbali. Macho ya Bi Darlene yalikuwa yameanza kuzoea giza. Akawaona sasa, mmoja mmoja, watu waliokuwa wamekaa pale muda wote: Bi Clotee, wale wanawake wanne, mchungaji, Rayford, msichana wa maktaba, na Mama Orabelle chini ya kofia yake ya Pasaka. Mkono wake ukapanda ukaziba mdomo.

"Jiko hakuna," Mama Orabelle alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa kama anayesoma maandishi madogo. "Hata cheche."

Akakiinamia kile kitana cha jaladani.

"Basi kitana kilikuwa baridi."

"Yesu," Bi Clotee alinong'ona.

Bi Darlene alikirudisha kitabu mezani, akakisawazisha na vingine kwa mikono yote miwili, vizuri, kama mtu anayeondoka nyumba ya msiba asitake kuacha fujo. Akatoka kwenye mvua. Mwavuli wake ulibaki sakafuni, unachuruzika.

Walikaa. Mvua ilipungua, ngurumo zikahama, na bado hakuna aliyegusa swichi. Machozi yalikuwa yanamtiririka Mama Orabelle mpaka kwenye utepe wa kofia chini ya kidevu, naye hakuyafuta.

"Ulilizima, Mama," alisema. "Si nilikwambia."

Kisha akavuta kamasi, akafungua kitabu pale kidole kilipokuwa. "Haya, washeni taa. Sijafika mwisho."

Asubuhi ya Jumatatu gari halikuwapo. Mbele ya kiwanda cha mbao palikuwa na mstatili wa nyasi zilizokauka, rangi ya majani ya chai, umbo la gari kamili, na kila aliyepita alipunguza mwendo kuliangalia umbo hilo kuliko alivyowahi kuliangalia gari lenyewe. Rayford hakuwa ameitwa. Alibaki nyumbani akirekebisha komeo ambalo halikuwa bovu.

Vernita alienda kazini na kitambulisho chake mfukoni badala ya kifuani, ili kama watakidai asihangaike kukivua mbele ya watu. Muuguzi mkuu alimwita kabla hajafika kwenye makabati.

"Bi Darlene kapiga simu."

"Ndiyo, bibie." Vernita alishika ukingo wa meza.

"Anasema leo haji."

"Na nini kingine?"

"Basi. Leo haji." Muuguzi aliinua macho. "Mzee Stroud anaogeshwa leo. Una neno?"

"Sina, bibie."

Korido ilionekana ndefu. Mlango wa mzee ulikuwa wazi nusu. Vernita aliingia, akasimama kando ya swichi na taulo begani. Nje wingu lilikuwa linajikusanya tena, chumba kimefifia, na taa ya dari ndiyo iliyokuwa inamshikilia mzee pale kitandani, mdogo, mweupe, macho yamekodoa. Mkono wa Vernita ulikuwa juu ya swichi. Hakukumbuka kuupeleka. Alihisi jinsi ilivyo laini, jinsi ambavyo kidole kimoja tu kingetosha. Ilimwogofya kuliko gari lile lililosimama nje Ijumaa.

Akauondoa mkono.

Alimkalisha kitini, akapima maji kwa kiwiko. Mahali fulani mbali kulinguruma. Mzee akashtuka, akamdaka kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo Vernita hakujua wanayo wazee.

"Nani huyo?"

"Vernita," alisema. "Mjukuu wa Ludie Tolliver."

Mzee alimtazama. Huenda alisikia, huenda hakusikia. Mdomo ulitikisika muda mrefu kabla sauti haijatoka, na ilipotoka ilikuwa ya mtu aliyesimama mvuani.

"Kuna mtu ndani?"

"Tumo," Vernita alisema. "Tulikuwemo, Bwana Harlan. Tulikuwemo ndani wote."

Kidogo kidogo vidole vikamwachia. Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi. Vernita aliiacha taa iwake. Akachota maji kwa kikombe, akakiinua juu ya kile kichwa chenye nywele chache, akangoja mpaka mkono wa mzee ulipopata njia yake.

"Shika sikio," alisema, akamimina.